Nusaiba na Somo la Nne

Nusaiba akirudi skuli hapumziki. Humsaidia mama yake kuanua mwani wanaoulima baharini, kisha hukimbilia tuisheni ya bayolojia. Yumo kidato cha tano, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Bayolojia ameiongeza juu, nayo imemmaliza nguvu.

Jioni moja alisinzia na kijiko mkononi.

"We Nusaiba! Unaumwa?" aliuliza mama yake, Bi Mwanawema.

"Siumwi, mama. Mie nimechoka. Na hisabati nimefeli tena."

Baba yake, Mzee Ame, aliweka kikombe chini. "Si wewe uliyetaka sayansi na uhandisi pamoja? Bila ya bayolojia utakuwaje daktari?"

Ndivyo tulivyo. Tukisikia sayansi, tunaona koti jeupe na sindano tu. Nusaiba hakuwahi kutaka udaktari. Alitaka kujua mna nini ndani ya mwani, tena atengeneze mtambo wa kuukausha, mvua isiwaharibie kazi yao. Lakini baba alikwisha kuwatangazia watu kuwa binti yake atakuwa daktari, naye aliona haya kumkanusha.

Kesho yake alikuja jirani yao, Bi Time, mhandisi wa maji. Alimtazama msichana akamwonea huruma.

"Hasa unataka kusoma nini chuo kikuu?"

"Kemia na uhandisi."

"Basi vyote viwili vinataka hisabati, fizikia na kemia. Unazo tayari. Ukiikosa hisabati, umekosa kote kuwili. Bayolojia ya nini?"

Mzee Ame alikohoa. "Na chuo kitamruhusu vyote kwa mpigo?"

"Vyengine huruhusu, vingi haviruhusu, Mzee. Ndiyo maana mtu huuliza mapema sifa za kuingia. Isipowezekana, ataanza na shahada moja, nyengine ifuate."

Nusaiba alijikaza. "Baba, mie udaktari sikuutaka. Niliona haya kukwambia."

Mzee Ame alimgeukia binti yake. Ilimuuma. "Kumbe nimekuchosha kwa tamaa yangu mimi," alisema. "Iache hiyo bayolojia."

Saa za tuisheni zikawa za hisabati, na za usingizi. Bi Time akamsaidia kuviuliza vyuo sifa zao. Muhula uliofuata, hisabati alifaulu vizuri. Bado anachoka, maana mwani hauna huruma, lakini sasa anachoka kwa jambo analolitaka.

Siku moja Mzee Zubeir, mmoja wa wale waliotangaziwa udaktari, alipita kuwajulia hali. "Daktari wako hajambo?"

"Sina daktari," alijibu Mzee Ame. "Nina mkemia na mhandisi. Na sema polepole, amelala."