Injini Iliyokauka

Haya yalimpata rafiki yangu, muuguzi wa chanjo, mwaka aliofiwa na mumewe. Marehemu alimwachia pikipiki yao kubwa ya njia mbovu, ambayo tangu waoane haikuwahi kuwalaza njiani. Asubuhi moja aliipeleka gereji kumwaga oili, maana kesho yake watoto wa ng'ambo ya kilima walikuwa wakimsubiri.

Gereji haikuwa na dirisha, na umeme ulikuwa umekatika. Fundi alimulika tochi, akafungua bolti ya oili. Halikutoka hata tone. Akaanza kuifungua injini, na mchana ukamkuta humo.

"Dada, uliileta na gari gani?"

"Nimekuja nikiiendesha."

"Hii? Pistoni imeganda kwa kutu. Haijawaka miaka."

Rafiki yangu hakushtuka. Tangu msiba, kila habari ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alisikiliza tu. Gizani, bomba la moshi, lililokwisha kufunguliwa na kulazwa sakafuni, lilikuwa likilia tik, tik, tik, kama chuma kinachopoa. Aliinama akaliwekea kiganja, akakiacha pale mpaka fundi alipomvuta mkono.

Lilikuwa la moto.