Mchumba Aliyeandika Ripoti

— Weka chini sindano.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Chapchap kuambiwa na mchumba wake tangu Jumapili, naye alikuwa amemkamata mkono mbele ya mgonjwa.

— Niachie. Namsafishia bibi mrija wa mshipani kwa maji ya chumvi tu.

— Soma chupa.

Alisoma, akaiweka sindano chini. Ilikuwa potasiamu, dawa ambayo ikiingia mshipani kwa mkupuo moyo husimama palepale. Vichupa vyake na vya maji ya chumvi vinafanana kama mapacha, na mtu alikuwa amevichanganya kwenye trei moja. Bibi wa watu kitandani aliendelea kuwasifia wajukuu wake, hana habari.

Wote wawili walikuwa wauguzi wa dharura. Jina la Chapchap yeye alipewa kwa wepesi wa mikono. Pale kazini dawa haiingii mshipani mpaka mmoja asome lebo kwa sauti na mwenzake airudie. Lakini hawa walikuwa wamenuniana siku tatu. Kisa, bwana harusi alikubaliana na shangazi yake harusi iahirishwe, bibi harusi akaja kuzisikia habari kwa watu. Basi asubuhi ile Chapchap aliona heri asome haraka kimoyomoyo kuliko kumwomba yule msaada. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Jioni ujumbe wa mchumba uliingia kwenye simu ya Chapchap: "Nimeandika ripoti ya tukio la leo. Nisamehe, ilibidi."

Akajibu: "Umenichongea kazini. Harusi isahau."

Kesho yake mkuu wa wauguzi alimwita. Aliingia akijua kazi hana. Mama yule akamsogezea karatasi.

— Isome kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo kumeshatuponza.

Akasoma: "Kosa limeanzia kwangu. Nilimnunia mwenzangu siku tatu. Nilimwona anahitaji mtu wa kuirudia lebo, nikageuza uso kwa kiburi. Nimebahatika tu kuuwahi mkono wake. Naomba vichupa hivi vitengwe, asiponzeke mwingine."

Jina la Chapchap halikuwamo popote. Machozi yakamtoka bila kificho. Mkuu akamwambia hafukuzwi mtu, vichupa vimeshahamishwa, kilichobaki ni bibi kuambiwa ukweli.

Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema yote. Bibi akamshika shavu.

— Kumbe wakati nawasifia wajukuu nilikuwa nimebakiza pumzi moja. Mungu ashukuriwe. Na huyo aliyekushika mkono ni nani?

— Mchumba wangu, bibi.

Nyuma ya pazia faili likaanguka. Chapchap alipolifungua pazia akamkuta mchumba mwenyewe, ameduwaa.

— Jana si uliniacha?

— Jana nilikuwa sijasoma ulichoandika. Asante, mpenzi. Umemwokoa bibi, ukaniokoa na mimi.

Bibi akauliza harusi ni lini. Wakatazamana.

— Tarehe ileile ya awali, alisema bwana. Shangazi nitampigia mimi.

Bibi akasema wasimsahau kwenye kadi, maana siku hiyo atakuwa hai.