Uzi Mwekundu kwenye Kola ya Mnyoosho

Mnyoosho hakuwa na pasi. Hakuwa na zamu mezani, wala shati la mteja hata moja la kushika. Hakuwa na wembe. Ndevu zake alinyolewa na baba yake kila Jumamosi, kama mtoto. Hakuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Hakuwa na mtu wa kumfokea, maana tangu arudi nyumbani kila mmoja alizungumza naye kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza kichanga kilale. Zaidi ya yote, hakuwa na ruhusa ya kumwandikia shangazi yake.

Vingine vyote alikuwa navyo. Chakula alipata, tena kipande kikubwa cha nyama kiliwekwa upande wake wa sahani. Kitanda chake kilikuwa pale pale chini ya dirisha. Kila asubuhi aliamka, akaoga, akavaa, kisha akaketi kwenye kiti cha mbao uani na kutazama wenzake wakifanya kazi.

Nyumba yao ilikuwa ya dobi. Mbele palikuwa na kaunta ya kupokelea nguo. Katikati palikuwa na meza ndefu ya pasi, iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake. Nyuma, uani, kulikuwa na mabeseni, jiko la kuchemshia maji, na kamba zilizokwenda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Baba alipokea nguo na kupiga pasi. Mama alifua na kutia alama.

Alama zao zilikuwa nyuzi. Nguo ya kila mteja ilitiwa uzi mdogo ndani ya kola au kwenye pindo, ili shati la kinyozi lisije likaenda kwa mwalimu mkuu. Kinyozi alikuwa na uzi wa kijani. Mwalimu mkuu alikuwa na wa njano. Uzi mwekundu haukuwa wa mtu mmoja. Huo ulitiwa kwenye nguo za mwenye upele, mwenye kidonda, au mtu yeyote aliyetoka kulazwa hospitali. Nguo za uzi mwekundu zilichemshwa na kufuliwa katika beseni la peke yake kando ya ukuta, zisichanganyike na za watu wengine. Utaratibu huo mama aliurithi kwa mama mkwe wake, na hakuwahi kuuvunja.

Kijana huyu alikuwa na miaka kumi na tisa. Jina la Mnyoosho alipewa na wateja, kwa jinsi suruali zilivyotoka mikononi mwake zimenyooka kama rula. Mtu aliweza kuikunja suruali yake, kuifunga ndani ya mkoba, kusafiri nayo, na kuifungua ikiwa bado na heshima yake. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo tangu alipokuwa akisimama juu ya kreti la soda ili aifikie meza.

Kisha akaugua. Hakuna aliyejua siku ugonjwa ulipoanza. Kwanza usingizi ulimpotea. Halafu chakula kikakosa ladha, na maneno yakawa mazito kinywani. Machozi yalimtoka akiwa anapiga pasi, na akiulizwa ana nini, alijibu kwamba hajui, na kweli hakujua. Siku moja aliacha pasi juu ya koti la mteja mpaka moshi ukajaa chumba kizima, naye amesimama pale pale anautazama. Akapelekwa hospitali, akalazwa miezi mingi. Daktari aliuita ugonjwa wake sonona, akampa dawa, akakaa naye na kuzungumza naye kila juma. Polepole usingizi ukarudi. Ladha ya chakula ikarudi. Mwishowe hata hamu ya kazi ikarudi, na hapo ndipo aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Lakini nyumbani palikuwa na hadithi nyingine. Baba alikuwa amewaambia wateja kwamba kijana amepata kazi katika kiwanda cha mbali. Shangazi naye aliambiwa hivyo hivyo. Shangazi alikuwa amehamia kwa binti yake, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka, simu haikumfaa kitu. Ukimwambia habari za mvua, yeye atakujibu habari za kuku. Kwa hiyo habari zake zote zilikwenda na kurudi kwa barua, na barua zote ziliandikwa na baba.

Aliporudi, mtu wa kwanza kumwona alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama muuza mkaa aliyejulikana kama Redio. Sababu ya jina hilo haikuhitaji kuelezwa.

"Kijana wetu," alisema Redio akiegemea kaunta, "huko kiwandani walikuwa wanawalisha nini? Wenzako wanarudi na masanduku, wewe umerudi na mashavu."

Mnyoosho alitazama chini. Mashavu yale yalitokana na dawa. Kabla hajafungua kinywa, baba alijibu kwa niaba yake kwamba kiwanda kilikuwa na kantini nzuri. Redio akaondoka akicheka, na baba akajifuta jasho.

Siku zikapita namna hiyo. Mnyoosho aliketi kwenye kiti chake uani na kusikiliza pasi ikipita juu ya nguo ndani. Aliijua sauti ile kama mtu anavyoijua sauti ya ndugu yake. Alisikia mahali ambapo baba amerudia mara mbili pasipo sababu, na mahali ambapo maji yalinyunyizwa mengi mno. Mikono yake ilijongea yenyewe juu ya magoti. Alitamani uzito ule, na ile harufu ya pamba ikipata joto. Alitamani hata shangazi amwambie, kama zamani, kwamba kola aliyoipiga pasi inafanana na sikio la mbuzi.

Mchana mmoja mdogo wake wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa akianika soksi. Alimsogelea na kumnong'oneza kwamba barua ya shangazi imekuja.

"Anasema nini?" Mnyoosho aliuliza.

"Anauliza kwa nini huandiki kwa mkono wako. Anasema, kama alikukosea kitu, umwambie akuombe radhi. Baba alikuwa anamsomea mama, na alipofika hapo akairuka mistari hiyo, lakini mimi nilikuwa nyuma yake naona."

Maneno hayo yalimchoma. Kumbe huku yeye anamkumbuka shangazi kila siku, huko shangazi anajilaumu. Mzee wa watu anakaa barazani kwa binti yake, anajiuliza ni kosa gani alilomtendea mtoto aliyemfundisha kazi.

Jioni alimwendea baba yake mezani, akamwomba ruhusa ya kuandika ukweli. Baba hakuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa akilipiga pasi. Alieleza kwamba shangazi akijua, ukoo mzima utajua, na ukoo ukijua, habari haitakawia kufika mtaani. Alitaja kodi ya nyumba na karo ya mtoto. Kisha likamtoka.

"Nani atamletea mwehu shati lake?"

Baba mwenyewe alilisikia neno lile, akasimama na pasi hewani. Mnyoosho alisema, "Ndiyo, baba," akarudi uani.

Kesho yake asubuhi alikuwa anavaa shati lake la bluu alipohisi kitu kikimkwaruza shingoni. Akalivua, akapindua kola. Ndani palikuwa na uzi mwekundu.

Akatazama shati la pili. Nalo lilikuwa nao. Suruali zake zote, shuka yake, hata taulo. Ndipo alipoelewa kwa nini nguo zake hazikuwahi kuanikwa kwenye kamba moja na za wenzake. Tangu atoke hospitali, zilikuwa zinachemshwa katika beseni la ukutani, na za wenye upele.

Alimkuta mama yake ameinama juu ya mapovu.

"Mama," alisema, "huu uzi mwekundu utatoka lini?"

Mama alitazama lile shati, kisha akaitazama mikono yake iliyolowa. "Ni utaratibu tu, mwanangu. Nguo za hospitali tunazitenga. Hata bibi yako alifanya hivyo."

"Mwenye upele akipona unauondoa. Wangu utauondoa lini?"

Mama alifikiri. Ukweli ni kwamba hakujua. Upele alijua unavyoisha. Kidonda kilionekana kinapofunga. Huu ugonjwa wa mwanawe haukuonekana kwa macho, na hakuna aliyemwambia unakaa wapi, kama ni kwenye jasho au kwenye mate au kwenye maji ya kufulia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuwahi kuuliza.

"Basi twende ukaulize," Mnyoosho alisema. "Leo ni siku yangu ya kliniki."

Siku zote mama humsindikiza mpaka kwenye kona ya maduka, kisha husimama hapo akijifanya ananunua vitunguu. Siku hiyo alijifunga kanga yake vizuri, akaingia naye mpaka ndani. Waliketi kwenye benchi. Mama aliinamisha uso kwanza, asije akaonekana na mtu. Alipoinua macho, aliona karani wa posta ameketi benchi la mbele, na mke wa fundi baiskeli, nao wameinamisha nyuso zao vilevile.

Muuguzi alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Mama alimweleza habari ya nyuzi na mabeseni bila kuficha kitu. Muuguzi hakumcheka. Alimwambia sonona haishiki kwenye nguo wala kwenye maji, na kwamba mwanawe anaendelea vizuri, ila kuna jambo linalomtia wasiwasi.

"Kila akija hapa namuuliza siku yake imekwendaje," alisema. "Kila mara ananijibu kwamba alikaa. Mama, mtu hawezi kupona kwa kukaa tu. Mpeni kazi yake. Na anapenda kuzungumza na nani?"

"Na shangazi yangu," Mnyoosho alijibu.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ni mimi ambaye siko. Kwake niko kiwandani."

Mama alilia njia nzima ya kurudi, lakini alitembea upande wa barabara wenye watu. Alipofika nyumbani alichukua mkasi, akaketi uani, akaondoa uzi mwekundu kwenye kila nguo ya mwanawe. Kisha akazitia zote katika beseni moja na kanga zake na kanzu ya mumewe, akafua. Baba alikuja akasimama mlangoni. Mama akamweleza aliyoambiwa na muuguzi, neno kwa neno, huku anasugua. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kaunta.

Hapo kaunta Redio alikuwa anamsubiri na gauni mkononi. Alikuwa na harusi ya kwenda kesho yake, na kama kawaida yake alianza na maswali. Alitaka kujua likizo hii ya kiwandani itaisha lini, au kijana amefukuzwa. Baba akafungua kinywa, lakini safari hii maneno ya kantini hayakuja.

Mnyoosho akatokea nyuma yake. "Sikuwa kiwandani, mama. Nilikuwa nimelazwa hospitali. Niliugua sonona, ni ugonjwa wa akili. Nimetibiwa, na bado nakunywa dawa."

Redio alimtazama juu mpaka chini. "Inaambukiza?"

"Haiambukizi."

"Na mikono yako imesahau marinda?"

"Haijasahau."

"Basi shika gauni. Baba yako marinda yake ni kama barabara ya mashimo, nimemvumilia muda mrefu."

Baba aliitazama pasi, akamtazama mwanawe. Kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi mezani. Mnyoosho alijaribu joto kwa kidole kilicholowa mate, akanyunyiza maji kidogo, akaanza. Rinda la kwanza lilipinda. La pili likanyooka.

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari, kama ilivyotarajiwa. Mteja mmoja alikuja kuchukua makoti yake, akayapeleka kwingine, na hakurudi tena. Wengine watatu walileta mashati ambayo hayakuwa machafu, ili tu wamwone Mnyoosho kwa macho yao. Walimkuta anapiga pasi. Hawakuwa na la kutazama zaidi ya hapo, wakaenda zao.

Kazi ilipopungua, baba aliwaita watoto wake wote wawili mezani.

"Mimi ni dobi tangu ujana wangu," alisema. "Kila niliyemfundisha nilimkataza kupitisha pasi juu ya doa, kwa sababu joto linaligandisha, nalo halitoki tena. Mwanangu, ugonjwa wako haukuwa doa. Doa ni uongo wangu, na kila siku nilikuwa naupigia pasi. Uliugua kama watu wanavyougua, ukatibiwa kama wanavyotibiwa. Aibu tuliileta sisi, tukakuvika wewe. Na lile neno nililokuita jana, nisamehe." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, siku ukiumwa moyoni au kichwani, uje useme mapema. Katika nyumba hii hatufichi tena mgonjwa."

Akafungua droo, akatoa karatasi na kalamu, akaviweka mbele ya Mnyoosho.

Mnyoosho aliandika kwa muda mrefu. Alimweleza shangazi yake alikokuwa, jinsi alivyougua na jinsi alivyopona. Alimwambia hajamkosea kitu chochote, wala hakupita siku bila kumkumbuka. Alimwomba aje, hata kama ni kumkosoa tu. Chini kabisa baba aliongeza mistari michache ya kumwomba radhi dada yake, akitweta kidogo, maana alimwogopa tangu utotoni.

Gundi haikuwapo. Mnyoosho alichovya kidole kwenye wanga wa kola, akapaka ukingo wa bahasha, akaifunga na kuipitishia pasi iliyopoa. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, akavuka barabara, akaenda mwenyewe mpaka posta, akaitumbukiza.