Barua Iliyobaki Ndani ya Atlasi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chepngetich wa darasa la saba alifagia chumba cha klabu ya elimu ya anga na kubandika upya michoro ya sayari iliyobanduka kwa unyevu wa Julai. Yeye ndiye aliyekuwa katibu. Kwa hiyo Alhamisi moja, mwaka wa 1990, Mwalimu Wasike, mlezi wa klabu, alimpa barua ya kumpelekea D.O., afisa wa tarafa, mjini Eldoret, kuomba ruhusa ya mkutano wa hadhara wa Jumamosi. Siku hizo watu hawakukusanyika bila kibali.

Njiani alipita uwanjani, akakuta wakimbiaji wakifanya mazoezi, akasimama kuwatazama. Alipofika ofisini, mlango ulikuwa umefungwa.

Kesho yake Mwalimu alimuuliza, "Walisemaje?"

"Karani alisema haya ni mambo ya shule tu, tuendelee." Barua ilikuwa bado imo ndani ya atlasi yake.

Jumamosi alasiri darasa lilijaa. Wakulima walikuja kutoka Sugoi na viatu vya matope. Mwalimu aliwaeleza kuhusu darubini kubwa kama basi, iliyorushwa mwezi wa nne ili izunguke juu ya dunia na kupiga picha za nyota.

"Lakini picha zina ukungu," alisema. "Kioo chake kilisuguliwa vibaya, kosa jembamba kuliko unywele."

"Sasa Mwalimu," Mama Waithira mwenye duka aliuliza, "hiyo kioo iko huko juu, nani atapanda kuitengeneza?"

Watu walicheka. Kicheko kilikatika ghafla. Chifu alikuwa mlangoni na askari wawili.

"Nani ameruhusu huu mkutano?"

"Tulituma barua kwa D.O., Mzee," Mwalimu alijibu.

"Natoka huko sasa hivi. Hakuna barua. Mnasema habari ya nyota, ama mnapanga mambo mengine?"

Askari mmoja alimshika Mwalimu mkono, wakaanza kumpeleka kwenye Landrova. Mwalimu aligeuka, akamtazama Chepngetich.

Akinyamaza, nani angejua? Chepngetich alifungua atlasi, akatoa barua, akawakimbilia.

"Mzee, barua ni hii! Mimi ndiye sikuifikisha. Nilimdanganya Mwalimu."

Chifu aliipasua bahasha, akaisoma polepole, akatazama tarehe. Kisha akamwashiria askari amwachilie Mwalimu.

"Watu waende nyumbani," alisema kwa ukali. "Jumatatu asubuhi, wewe na mwalimu wako mtakuja kwa D.O. Utamwambia mwenyewe ulichofanya."

Jumatatu, Chepngetich alisimama mbele ya meza ya D.O., akaeleza yote, hata habari ya wakimbiaji. D.O. alimkemea mpaka machozi yakamtoka. Mwishowe aligonga muhuri: mkutano ungefanyika Jumamosi iliyofuata.

Walitembea hadi sokoni. "Mwalimu, nisamehe," Chepngetich alisema.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Ungeniambia Ijumaa kwamba ulichelewa, ningekukaripia kidogo, kisha ningekimbia huko mwenyewe kabla hawajafunga. Kuchelewa ni kosa la kawaida, kila mtu hulifanya. Wenye ile darubini walipogundua kioo kina kasoro, waliutangazia ulimwengu mzima, na sasa wanatafuta namna ya kukitengeneza. Kosa ulilolificha, Chepngetich, hakuna anayeweza kukusaidia kulirekebisha."