Mikono Hamsini na Minane

Mwaka 2094, katika bwawa la Shule ya Bweni ya Kilimatembo, mabega sitini yalizunguka kwa mpigo mmoja. Wanafunzi thelathini waliogelea chali, kila mmoja amevaa mkufunzi-bega: mikono miwili ya mpira iliyofumwa kwa misuli bandia, inayousukuma mkono wa mwanadamu ufanye alivyofanya bingwa. Wageni waliokuja kuitazama shule walipiga makofi. Lilikuwa gwaride, ila la majini.

Kasoro ilikuwa moja tu. Bingwa ambaye mpigo wake ulirekodiwa kwenye kifaa alikuwa wa mbio za mita hamsini.

Mwogeleaji wa hamsini hana muda wa adabu. Mkono ukigusa maji, unayakamata hapo hapo na kuyasukuma, na mwingine umeshaingia. Wa mita mia mbili ni bahili: hulaza bega, hunyoosha mkono mbali, hukamata maji kwa kina, na mkono ulio hewani hupumzika. Shule iliijua tofauti hiyo. Lakini Kilimatembo ilikuwa na sketi za namna moja, nywele za namna moja na uji wa namna moja, basi ofisi ikaagiza mpigo wa namna moja.

Siwema wa kidato cha nne aliogelea mia mbili. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa keshokutwa.

"Mwalimu, bega linawaka," alisema, ameshika ukingo. "Naomba nivue kifaa."

"Kifaa hakikosei," alijibu Mwalimu Mbonea, kocha wao. "Wewe ndiye mzito."

"Kimefundishwa na mtu wa hamsini, Mwalimu. Hizo mia na hamsini zinazobaki, yeye alikuwa ameshakwenda kuoga."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Utavaa. Ni yunifomu."

Akarudi majini. Kwenye mita ya mia na ishirini bega likalia kama ukuni mkavu unaovunjika. Mkono ulilegea, kifaa hakikulegea. Kiliuzungusha mkono uliokufa, kwa mpigo safi kabisa, mpaka ukutani. Ubao wa alama za mpigo ukaandika mia kwa mia. Wageni wakapiga makofi tena.

Walipomtoa, Siwema hakulia. Alikivua kwa mkono mmoja, akakiweka miguuni pa kocha.

"Kivae, Mwalimu. Mita mia mbili. Nitakuhesabia."

Mwalimu Mbonea alitazama ubao, akatazama kifaa, asikiguse.

Bwawani, ishirini na tisa waliobaki wakaanza kuvua vyao, wakatoka mmoja mmoja bila kuomba ruhusa. Nyuma yao mikono mitupu hamsini na minane iliendelea kuogelea, sawasawa, mbele ya wageni.