Kopo la Ndizi Darini

Kila jioni, akitoka shule, Naisula alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwasha moto na kuinjika chungu cha makande. Kazi ya nne hakutumwa na mtu. Koko, yaani bibi yake mzaa baba, alipotoka kwenda kufungia mbuzi, Naisula alipanda juu ya kigoda, akapapasa darini na kushusha kopo la maziwa ya unga. Alilifunua, akalinusa, akafumba macho kidogo. Kisha alilifunika upesi na kulirudisha nyuma ya mahindi.

Ndani ya kopo hilo mlikuwa na ndizi kavu za marehemu mama yake. Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru, na maduka ya Arusha mjini yalitafuta kila kinachouzika. Mama na mdogo wake, Namnyaki, walijiunga na kikundi cha wanawake wa kanisa pale Oldonyo Sambu. Walinunua ndizi mbivu Ngaramtoni, wakazikata vipande na kuzianika ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kwa nailoni.

Kopo moja mama aliliweka kando. "Hizi ni za kipaimara chako," alimwambia Naisula. "Siku hiyo tutazila pamoja." Aliliweka chumba cha nyuma, upande usiofikiwa na jua, ambako hata mchana kulikuwa na baridi. Wiki tatu baadaye, mwezi wa saba, homa ya mapafu ilimchukua.

Wakati wa msiba wageni walijaa nyumba nzima. Naisula aliogopa wasije wakazila ndizi zake. Alilihamishia kopo darini, juu ya moto, mahali ambapo Koko alihifadhi mahindi yasiliwe na wadudu. Alijiona mjanja kweli. Wageni walipoondoka Koko akaulizia kopo, na Naisula, kwa kuogopa kuitwa mchoyo, alijibu haraka, "Mama mdogo Namnyaki alilichukua."

Koko aliamini. Tangu siku hiyo, Namnyaki alipokuja kuwasalimu alipokewa kwa salamu fupi, bila hata kukaribishwa chai. Maskini, hakujua amekosa nini. Naisula aliyaona yote hayo na moyo ukamuuma, lakini kila alipotaka kusema ukweli, alijiambia atasema kesho.

Mwezi wa kumi na moja, nondo wadogo wa kijivu walianza kurukaruka jikoni. Naisula hakuwajali. Jumamosi moja, zikiwa zimebaki wiki mbili tu kufikia kipaimara, alifunua kopo kungali mchana, na harufu iliyokuwa ikibadilika polepole sasa ilikuwa uvundo. Vipande vilikuwa vimeshikamana kwa utando mwembamba, na viwavi weupe walitambaa kati yake. Alichambua kopo zima akitafuta hata kipande kimoja kizima. Hakukipata.

Aliketi palepale kwenye majivu akalia. Alilia kuliko alivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku ile alijua kuna kitu cha mama bado kimebaki.

Hivyo ndivyo Koko alivyomkuta, akiwa amefuatana na Namnyaki, aliyeleta gauni la kipaimara ili Naisula alijaribu.

"Shikamoo, mama mdogo," Naisula alisema kwa kwikwi. "Koko, nilikudanganya. Mama mdogo hakuchukua kopo. Nililificha mimi hapo darini, nyuma ya mahindi, na sasa sina tena kitu cha mama."

Koko alimgeukia Namnyaki, akamshika mkono. "Miezi yote hii nimekununia bure, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mama," alijibu Namnyaki. Alichuchumaa, akatazama ndani ya kopo. "Naisula, ulikuwa unalifungua?"

"Kila jioni. Lilikuwa linanukia mikono ya mama."

Namnyaki alifuta macho kwa ncha ya kanga kabla ya kuendelea. "Mahindi ya Koko yako wazi, moshi unayapitia na kuyakausha. Kopo lina mfuniko. Moshi hauingii, ila joto linaingia. Na kila ulipolifungua, mvuke wa makande ulizilainisha ndizi, na nondo wakapata nafasi ya kutaga. Kwenye joto na unyevu, mwezi mmoja hivi unatosha yai kuwa kiwavi, na kiwavi kuwa nondo anayetaga tena. Penye baridi na ukavu wanakawia sana, au wanakufa kabisa. Ndiyo maana mama yako alichagua chumba cha nyuma."

Siku hiyohiyo walichoma ndizi zilizooza, wakafagia dari na kuanika mahindi juani. Jumapili, baada ya ibada, Namnyaki alileta mfuko kutoka stoo ya kikundi.

"Hizi tulizikausha siku ileile na mama yako," alisema. "Zimekaa penye baridi, hazijafunguliwa. Ila nilizikata mimi."

Ndizi zilikuwa safi, hazina hata utando. Naisula alizimwaga kwenye sinia, akazitazama moja moja. Vipande vya Namnyaki vilikuwa vinene. Mama siku zote alikata vyembamba. Ghafla mkono wake ulisimama.

"Hiki ni cha mama," alisema.

Walitafuta wote watatu, vichwa vimeinama juu ya sinia. Vipande vya mama vilivyochanganyika humo vilikuwa vitatu tu.

"Sasa nisikilize," Namnyaki alisema. "Hukukosea kumpenda mama yako. Hata kutokujua si kosa. Lakini mtu aliyejua namna ya kutunza ndizi zile nilikuwa mimi, na mimi ndiye uliyenisingizia. Ungesema kweli siku ile, ningelirudisha kopo mahali pake kwa mkono wangu. Uongo ulikunyima mtu wa kumuuliza."

Siku ya kipaimara, Naisula alimpa Koko kipande kimoja na Namnyaki kingine. Cha tatu alikitia mdomoni mwake. Alikitafuna polepole, machozi yakidondokea gauni jeupe, mpaka kikaisha.