Koili ya Nne

Jumanne, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, gari la Mama Mkubwa lilikataa kuwaka. Stata ilizunguka kivivu, injini ikakohoa mara moja, kisha kimya. Kwenye kiti cha nyuma, amefunikwa shuka, alikuwa mumewe, ambaye figo zake zilikuwa zimekufa na ambaye saa moja kamili alitakiwa awe hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu. Teksi ilipatikana saa tatu. Walipofika, mashine alikuwa ameshapewa mgonjwa mwingine, wakarudi kama walivyokwenda. Daktari hakuzungusha maneno: mzee akikosa na Alhamisi, yeye haahidi kitu.

Hiyo ilikuwa koili ya nne, kile kifaa kinachoipa injini cheche, kuungua ndani ya wiki saba, na zote nne zilikutwa zimeungua asubuhi ya hospitali. Ndipo Mama Mkubwa alipompigia simu binti wa mdogo wake, inspekta wa polisi aliyekuwa likizo, mwanamke wa maneno machache asiyependa kudanganywa hata na mashine.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli, ni mimi?" Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Fundi alinionya, nikizima injini nisiache swichi wazi, koili itaungua. Nazima, nachomoa ufunguo, nauvaa shingoni. Lakini nimechoka siku hizi. Labda nasahau. Labda namuua mwenyewe."

"Ufunguo wa pili?"

"Ulipotea zamani."

Inspekta aliandika, kisha akaenda kwa fundi umeme wa magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche.

"Umemfungia mama koili bandia?"

"Afande, haki ya Mungu! Hii ya mwisho nilinunua mbili, boksi moja. Ya pili nimefunga kwenye pikapu la muuza maziwa. Kaliulize!"

Alimwaga koili nne juu ya meza. Zote zilikuwa zimevimba, mafuta yamezitoka ubavuni.

"Hizi hazikufa barabarani," Cheche alisema, sasa kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. "Zimepikwa gari limesimama, swichi iko wazi. Saa moja na nusu inatosha. Na kila nikiitwa, betri naikuta nayo hoi."

Inspekta alikwenda kwa muuza maziwa, akaliwasha pikapu mara tatu. Liliitika mara tatu. Cheche akafutwa kwenye orodha.

Aliyefuata alikuwa seremala jirani. Gari lile lilibana mlango wa karakana yake, na watu walimsikia akiapa kwamba siku moja atalimaliza.

"Niliapa, sikatai," alisema bila kuacha kupiga randa. "Mbao zangu napitisha juu ya ukuta kama mwizi! Lakini Jumatatu nilikuwa shule ile ya ng'ambo ya mto, nafunga madawati. Nililala huko huko. Mpigie mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu alithibitisha. Isitoshe, milango ya gari haikuwa na alama ya kuvunjwa, na boneti ilifunguliwa kwa kamba iliyo ndani tu. Seremala naye akafutwa, akabaki na randa yake na manung'uniko yake.

Saa kumi kasoro robo alasiri Inspekta aliinama kwenye usukani, akamulika tundu la ufunguo. Lilikuwa limelika kwa uzee, lakini pembeni palikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Hiyo?" Cheche alisema alipoulizwa. "Hata mpini wa kijiko unaiwasha, afande."

"Mama Mkubwa, ni nani hukaa humu ndani?"

"Nani tena? Baba yako Mkubwa. Kila jioni saa kumi namfungulia mlango wa dereva asikilize redio. Redio haihitaji ufunguo, imeungwa moja kwa moja na betri. Anaweka kofia yake juu ya dashibodi kama enzi zake za lori. Miaka thelathini ya udereva, mwanangu! Ndiyo starehe pekee iliyombakia."

Inspekta hakuliandika hilo. Alifunga daftari na kuomba koili ya tano.

Jumatano saa saba mchana Cheche aliifunga, injini ikanguruma vizuri, ikazimwa. Saa kumi Baba Mkubwa alisaidiwa kuingia garini, miguu imemvimba hata viatu havikuingia. Saa kumi na dakika hamsini Inspekta alifungua mlango wa pili, akaketi kando yake. Redio ilikuwa ikisoma taarifa ya hali ya hewa.

"Baba Mkubwa, naomba uvute kamba ya boneti. Nataka kuishika koili nione kama ina moto."

Mkono wa mzee haukusogea.

Inspekta akanyoosha wake, akaiinua kofia. Chini yake taa nyekundu ya chaji, ile inayowaka swichi ikiwa wazi, ilikuwa inawaka. Kwenye tundu la ufunguo palikuwa pamechomekwa ubapa wa kikata kucha.

"Uliweka kofia asiione taa," alisema.

"Umesomeshwa vizuri, binti yangu." Mzee alizima redio. "Koili ikiwa na afya haifi. Lazima uiue. Hilo nililijua kabla hujazaliwa."

"Kwa nini?"

Mzee alijibu kwa sauti ndogo.

"Mwezi wa pili, tukirudi kutoka hospitali, mama yako mkubwa alisinzia kwenye usukani. Lori lilitupita hapa, karibu na kioo. Hakujua. Mimi nilijua. Anaamka saa tisa mara tatu kwa wiki, ananinyanyua, ananiosha, anaendesha. Nikimwambia basi, sitaki tena mashine, atalia, ataita ukoo mzima. Nikaona gari likatae, si mimi. Gari likikataa, hapana wa kulaumiwa."

"Yupo!"

Mama Mkubwa alikuwa amesimama nje ya dirisha, kikombe mkononi, maji ya kina cha vidole viwili, kiasi alichoruhusiwa mgonjwa. Yalikuwa yakimwagika na yeye haoni.

"Nimejilaumu mimi," alisema. "Wiki saba. Naamka kuangalia kama nimezima. Ungekufa, ningekuzika nikijua nimekuua kwa usahaulifu wangu. Hilo ndilo ulilonitakia?"

Uso wa mzee ulivunjika. Alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu isipokuwa hiyo.

"Nisamehe, mke wangu."

"Sema kwa mdomo unachotaka. Usinisemee na gari."

"Nimechoka."

Mama Mkubwa aliegemea mlango. Machozi yalimtoka bila kelele. "Hata mimi nimechoka," alisema, na wote wawili wakatazamana kwa mshangao, maana tangu ugonjwa uingie nyumba ile neno hilo halijawahi kutamkwa.

Inspekta alizima swichi. Hakukuwa na wa kumfunga pingu, na roho ilimuuma kuliko kesi yoyote aliyowahi kuifunga.

"Kesho nitaendesha mimi," alisema. "Na Jumamosi. Likizo yangu bado ndefu. Mama Mkubwa utalala."

"Hamjaniuliza," mzee alisema.

Ilikuwa kweli. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amevalishwa, amepakiwa na kupelekwa, na hakuna aliyemuuliza. Mama Mkubwa alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wake, akachuchumaa hadi macho yao yakalingana.

"Kesho utakwenda, baba?"

Mzee aliitazama miguu yake, kisha akamtazama mkewe.

"Kesho nitakwenda," alisema. "Ya Jumamosi, niulize tena Ijumaa."

"Nitakuuliza," alijibu, "na lolote utakalosema, nitalisikia."